Saida ni pombe ya wakulima. Sisi wenye matufaha tunangoja nini?

#1 Mkinga wa Bulongwa

Wakuu, salaam.

Nina miti 160 ya matufaha huku Makete, mingi ni aina ya Anna. Januari nilipeleka ndoo 30 sokoni Makambako, zikarudi tisa. Zilizorudi ni zile za matufaha madogo na yenye makovu ya mvua ya mawe. Ukilikata moja, ndani ni jeupe, zima, tamu. Nusu yake waliishia kula nguruwe.

Jioni hiyo nasubiri gari, nikaingia baa moja ya stendi kupata supu. Meza ya jirani wamekaa dada watatu na kaka mmoja wanakunywa saida (cider) za Afrika Kusini, kila chupa ina kipande cha limao mdomoni. Nikaomba chupa tupu nikaisoma. Tufaha. Chupa moja ya mililita 330 inauzwa zaidi ya kilo mbili za matufaha yangu!

Tangu siku hiyo nasoma kila ninachopata. Nimegundua kwamba hii pombe tunayoiona ya kishua ilianzia mashambani, kwa watu kama mimi, waliokuwa na matufaha yasiyouzika. Najua Savanna na Hunter's zimejaa mjini, Nairobi nasikia wana za kwao, na Ulaya ni biashara kubwa. Naomba wenye kujua mnieleze mambo mawili. Saida ilitoka wapi hasa? Na kwa nini inapanda sasa hivi, si miaka ishirini iliyopita?

#2 Ngoma Droo

Nimefungua uzi mbio nikajua kuna Saida kamkimbia mtu. Kumbe ni chupa. Haya, navuta kiti.

#3 Kaunta ya Sinza

Mkuu, mimi nina baa, jibu ninalo kaunta. Ni utamu. Bia ni chungu, watu wanajifunza kuinywa kwa kujilazimisha. Saida hakuna wa kujifunza, unaipenda siku ya kwanza. Waliofungua njia hapa ni Redd's, hiyo ndiyo saida ya kwanza Tanzania, ndiyo maana ilidhamini hadi mashindano ya urembo. Baadaye ikaja Savanna, ambayo ipo tangu 1988. Wateja asilimia kubwa ni kina dada. Hakuna siri nyingine.

#4 Mbeba Boksi

Kaunta, heshima yako, ila una makosa mawili.

Ya 1988 ni Hunter's. Savanna ilitoka 1996. Zote mbili ni za Afrika Kusini na zote zilikuja kuwa za Distell, kampuni iliyozaliwa mwaka 2000 baada ya kampuni mbili za mvinyo na pombe kali za Stellenbosch kuungana.

Halafu Redd's inaanzia kwenye kimea, kama bia, kisha inapewa ladha ya tufaha. Kule Marekani lebo yake yenyewe inaiita bia ya tufaha. Saida haina shayiri wala kimea. Unakamua tunda, maji yake yanachachuka, basi. Ukitaka kuielewa, ifikirie kama ndugu wa divai.

#5 Kaunta ya Sinza

Hiyo ya mwaka nimepokea. Ya Redd's bado. Mteja akija akisema "nipe saida" nikamletea Redd's hajawahi kurudisha.

#6 Dada Mbege

Kwamba mteja hajarudisha si ushahidi, kaka yangu. Ukimpa soda ya chungwa akaipokea haiwi chungwa.

Ila na mimi nina swali. Mbege yetu ina ndizi na ulezi, na magome ya msesewe ya kukaza. Rubisi ya Wahaya ndizi na mtama. Hizo ni bia au ni divai? Kwa kipimo cha Mbeba Boksi tumesimama katikati ya mto.

#7 Mbeba Boksi

Kipimo changu kinagomea mbege, nakiri. Ndizi inaleta sukari, ulezi unaleta kimea, na hakuna Mzungu aliyeandaa boksi la kuiweka.

Nieleze ninachokiona, maana nipo Herefordshire, Uingereza, mwaka wa saba na misimu mitatu nilifanya kazi ya matufaha. Kwanza sahau tufaha la kula. Huku kuna matufaha ya saida tu, hayapelekwi dukani. Kuna moja linaitwa Kingston Black. Siku ya kwanza niliuma moja kwa njaa, ulimi ukakauka na koo likakaba kama nimekula bibo. Hiyo ndiyo tanini, na ndiyo inayoipa saida mwili. Utamu peke yake unaliwa na hamira, unabaki na maji makali yasiyo na kitu.

Kuvuna hakuna kupanda mti. Mashine inalishika shina, inatikisa, matufaha yanamwagika kwenye nyasi kama mvua, mashine nyingine inapita kuyafagia. Kiwandani yanamwagwa kwenye mfereji wa maji, yanaelea yenyewe hadi kinuni. Majani na mawe yanaachana nayo njiani. Oktoba mji mzima unanuka tufaha lililovunda kidogo, harufu tamu inayoingia hadi kwenye nguo.

Bulmers ilianza hapo hapo Hereford mwaka 1887, kijana wa padri wa Kianglikana wa kijiji cha Credenhill, Percy Bulmer. Na mwaka huo huo, 1887, Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza kuwalipa vibarua kwa pombe. Kabla ya hapo kibarua wa shamba alipewa saida kama sehemu ya ujira wake, kwa galoni, na mkulima aliyekuwa na saida mbovu alikosa vibarua wakati wa mavuno. Kwa hiyo Mkinga uko sahihi kabisa, ni pombe ya shambani. Ilikuwa mshahara.

#8 Kamanda Mstaafu

Habari za jioni. Kwa upande wa historia ni ya zamani zaidi ya hapo. Julius Caesar alipovuka kwenda Uingereza mwaka 55 kabla ya Kristo aliwakuta wenyeji wanakunywa saida, akaipenda. Hili linajulikana.

#9 Mwalimu wa Lugha

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya Caesar imeandikwa kila mahali, hata kwenye lebo, lakini hakuna andiko la wakati ule linaloisema. Caesar aliandika mwenyewe habari za safari yake na saida hakuitaja.

Kilicho na maandishi ni hiki: Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anataja divai za matufaha na mapea. Kisha amri za mashamba ya mfalme Charlemagne, mnamo mwaka 800, zinataka kila shamba liwe na mafundi wa kutengeneza vinywaji vya matufaha na mapea. Hapo tuko Ufaransa na Ujerumani ya leo.

Lakini tamu zaidi ni neno lenyewe. Fungueni Luka 1:15, malaika anamtabiri Yohana Mbatizaji: "hatakunywa divai wala kileo". Hicho "kileo" kwa Kigiriki ni *sikera*, na sikera limetoka kwenye Kiebrania *shekar*, yaani kileo kikali kisichokuwa divai. Kilatini wakasema *sicera*, Kifaransa cha kale wakaligeuza, Kiingereza wakalipokea. Biblia ya Kiingereza ya Wycliffe ya karne ya 14 mahali hapo iliandika "sidir". Yohana alikatazwa saida kwa jina lake.

#10 Mpemba Halisi

Mwalimu, umenigusa penye fani. Mzizi huo wa Kiebrania ni ndugu wa sin-kaf-ra wa Kiarabu, ulevi na kupotewa na akili. Sisi tunao kwenye Kiswahili kila siku bila kujua: mtu yumo katika *sakarati* za mauti, ule ulevi wa kukata roho. Na wazee walisema *sakarani*, yaani mlevi.

Kwa hiyo saida na sakarati ni watoto wa nyumba moja. Wenye kunywa na walitafakari hilo.

#11 Ngoma Droo

Na sukari je, nayo ni ya ukoo huo?

#12 Mpemba Halisi

La, hiyo ni mgeni. Sukari ilitoka Bara Hindi, ikapita kwa Waajemi, ikaingia kwa Waarabu, ikatufikia. Zinafanana sura tu.

#13 Bint Soni

Mpemba, hapo kwenye sakarani umenikumbusha nyumbani! Huku kwetu Soni, Lushoto, kuna misheni ya Wabenediktini inaitwa Sakharani, wanauza makadamia na divai yao wenyewe. Jina limetokana na ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliyeitwa na watu "Bwana Sakarani". Alikuwa na shamba pale, akaja kufa kwenye vita vya Tanga mwaka 1914. Nimepita pale tangu utoto nikijua ni jina la mlima. Kumbe ni "Bwana Mlevi".

Na Mkinga usijione peke yako. Lushoto tuna matufaha, mapea na maplamu. Msimu ukifika barabarani Soni yanauzwa kwa kisado hadi huruma.

#14 Mtu wa Chukwani

Naomba kuuliza, mnaposema tufaha mnasema lipi? Kwetu Unguja tufaha ni lile jekundu laini, lina maji mengi, maua yake yanamwagika chini kama zulia la waridi. Haya ya baridi tunaita epo.

#15 Mkinga wa Bulongwa

Epo, mkuu. Samahani kwa kuwachanganya. Huku bara jina ni moja tu.

#16 Nyeri Juu

Sisi huku Kenya tunasema tofaa, kwa hivyo tuko na majina matatu na bado hatujakunywa.

Sasa niwaambie ya kwetu. EABL, kampuni ya bia ya Tusker, walitoa Tusker Cider mwaka wa 2017, na hiyo ndiyo iliwaambia watu kwamba saida si ya wageni tena. Jina la Tusker likiwa kwenye chupa mzee wa kijiji hana noma nayo. Kabla ya hapo Distell walikuwa washaingia KWAL, kampuni ya mvinyo ya Kenya, mwaka wa 2014 wakanunua sehemu, halafu 2017 wakachukua sehemu kubwa. Baadaye wakaja vijana wa Kenya Originals, wanatengeneza hapa Nairobi na wanajivunia matunda ya hapa.

Maoni yangu kuhusu swali la pili: ni makampuni, utamu ni kisingizio. Heineken wa bia walikuwa na saida za Bulmers na Strongbow tangu 2008, mwaka wa 2023 wakamaliza kuinunua Distell. Nambari moja duniani kwa saida akamnunua nambari mbili. Ukiwa na malori, friji na mabango, watu watapenda tu.

#17 Mbeba Boksi

Nyeri, nyongeza ndogo: mamlaka za ushindani za Afrika Kusini ziliwawekea sharti waiachie Strongbow ya kule, kwa sababu wangebaki na soko lote mkononi. Lakini hoja yako inasimama.

#18 Kaunta ya Sinza

Nyeri, friji niliyopewa ni ya bia. Saida naipoza kwenye friji yangu, kwa umeme wangu. Kwa hiyo hiyo hoja ya makampuni kwangu haijafika.

#19 Shemeji wa Mbagala

Mimi nadhani mnasahau viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali. Machi 2017 vilipigwa marufuku, watu wakatafuta kitu kingine chenye nguvu ya haraka. Saida nyingi zina asilimia 5 na kuendelea, zinashuka kama juisi. Angalieni miaka: Nyeri kasema 2017, mimi nasema 2017.

#20 Kaunta ya Sinza

Shemeji, kiroba kilikuwa mia tano. Aliyekuwa ananunua kiroba hajahamia kwenye chupa ya elfu tano. Kahamia kwenye chupa ndogo za plastiki, kisha serikali ikambana huko pia. Na 2017 ya Nyeri ni ya Nairobi, viroba ni vya kwetu.

#21 Baharia wa Tanga

Nawasalimu. Nimefanya kazi melini miaka mingi, nimeingia Gijón, bandari ya kaskazini ya Hispania, jimbo la Asturias. Nimeona saida inavyonywewa na watu wenye saida yao, na hakuna dada wala kaka.

Mhudumu anainua chupa juu ya kichwa, mkono umenyooka kabisa. Mkono wa chini umeshika bilauri pana, ameiinamisha kidogo usawa wa nyonga. Anamimina bila kuitazama bilauri, macho yako mbele kama askari wa gwaride. Uzi mwembamba wa saida unashuka zaidi ya mita moja na kugonga ukingo wa bilauri, unatoa povu. Anakupa kimo cha vidole viwili tu, unapiga yote mara moja kabla povu halijafa, na tone la mwisho unalimwaga chini. Sakafu imelowa, ina unga wa mbao. Bilauri ile ile inakwenda kwa mwenzako. Nilipouliza kwa nini wasimimine kama watu wengine, mzee mmoja akaniambia saida yao haina gesi, lazima iamshwe.

Desemba 2024 UNESCO wameiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Sasa jiulizeni, ulanzi unapogemwa Iringa nani ameuandikia UNESCO?

#22 Dada Mbege

Baharia umeandika hadi nimeona kiu. Kibuyu cha mbege nacho kinazunguka mkono hadi mkono, na anayeonja kwanza ni mwenye nyumba. Hata hilo liandikwe.

#23 Mama Wawili

Jamani mimi nakunywa siki ya tufaha kila asubuhi kijiko kimoja kwa ajili ya tumbo. Ndiyo hiyo mnayosema? Mume wangu ni mlokole, nijue mapema.

#24 Mpemba Halisi

Dada usiogope. Siki ni kile kinachobaki baada ya ulevi kwisha. Maji ya tufaha yakichachuka yanakuwa saida, saida ikiachwa wazi ikapata hewa wadudu wengine wanaigeuza siki. Kwetu kileo kilichojigeuza chenyewe kuwa siki kinaliwa, na Mtume (s.a.w.) amesifu siki kuwa kitoweo kizuri. Ila kuhusu tumbo mimi sina elimu hiyo, na meno yako uyahurumie, itie maji.

#25 Wakala Tunduma

Nimesoma uzi wote. Mimi ni wakala wa forodha. Kwenye kitabu cha ushuru bia ina namba yake, 2203, divai ya zabibu 2204, saida imewekwa 2206 pamoja na vinywaji vingine vilivyochachushwa, vikiwemo vya asali na ile ya mchele ya Wajapani. Dada Mbege, na mbege ingeangukia jirani na hapo. Ndilo boksi ambalo Mbeba Boksi alisema halipo.

Kodi nayo ina neno. Hapa kwetu divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani inatozwa ushuru mdogo sana kuliko inayotoka nje. Ndiyo iliyowanyanyua wakulima wa Dodoma. Kwa matufaha sina uhakika kama upo upendeleo kama huo. Mkinga akitengeneza saida leo kwa matufaha ya Makete anakutana uso kwa uso na lori la matufaha la Elgin, Afrika Kusini.

Na lori lenyewe nalijua. Aprili 2025 serikali ilipozuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, wao wakiwa wamezikataa ndizi zetu, zuio lilikaa siku chache tu likaondolewa. Siku zile bei ya epo Dar niliisikia kwa dereva, nikajua jinsi tunavyotegemea watu.

#26 Mkinga wa Bulongwa

Wakala, bandiko lako nimelihifadhi. Hiyo ya asilimia 75 nilikuwa siijui, na ndiyo inayoniuma sasa. Zabibu ziliombewa na nani? Kuna mtu alikaa Dodoma akaandika barua. Sisi wa Makete, Njombe na Lushoto hatujawahi kukaa meza moja.

Mbeba Boksi, nina swali. Anna ni tufaha tamu la kula, halikabi koo hata kidogo. Ina maana saida yake itakuwa maji?

#27 Mbeba Boksi

Haitakuwa maji, itakuwa nyepesi. Saida nyingi za mashariki mwa Uingereza, Kent huko, ni za matufaha ya kula na ya kupikia, na watu wanazipenda. Savanna yenyewe ni nyepesi na kavu. Ila usidanganywe na viwanda vikubwa. Sheria ya kodi ya huku tangu 2010 inataka saida iwe na juisi asilimia 35 tu! Iliyobaki inaweza kuwa maji na sukari. Wapenzi wa saida halisi wanadai angalau 90. Wewe ukikamua matufaha yako bila kuongeza kitu umeshawashinda kabla hujaanza.

#28 Mtoto wa Newala

Sasa mmenifikisha kwangu. Mbeba Boksi umesema Kingston Black linakaba koo kama bibo. Mkuu, sisi tuna bibo lenyewe!

Mtwara na Lindi korosho zinaondoka, mabibo yanabaki yanaoza chini ya mikorosho, nzi na nyuki wanagombania. Bibi yangu alikuwa anayaponda kwenye kinu, anakamua kwa kitambaa, anaacha usiku. Kesho yake ni uraka. Unanukia, una povu, una utamu wenye ukali nyuma ya ulimi. Siku ya pili umekaza, siku ya tatu ni wa wazee tu. Kisha wengine wanachemsha wanapata gongo, hapo ndipo polisi wanapoingia na jina zima linachafuka.

Tunda likamuliwe, lichachuke lenyewe, lina tanini, ni ziada ya shamba. Niambieni uraka na saida vinatofautiana nini zaidi ya chupa na lebo?

#29 Mwalimu wa Lugha

Tofauti ni muda. Uraka unakunywewa ukiwa bado unachemka. Saida ya Hereford inaachwa kwenye baridi miezi hadi itulie. Joto la Newala halikupi miezi.

#30 Nyeri Juu

Na baridi ya Makete je? Huko si mnalala na blanketi tatu?

#31 Mkinga wa Bulongwa

Juni huwa nakuta umande umeganda kwenye majani asubuhi. Hapo Nyeri umenipa kitu cha kufikiri.

#32 Kamanda Mstaafu

Nimekubali ya Caesar, Mwalimu. Lakini bado kuna jambo la Marekani. Nimesoma kwamba Wamarekani walikuwa wanywaji wakubwa wa saida, rais wao wa pili, John Adams, alianza siku kwa kombe la saida, na marufuku ya pombe ya 1920 ndiyo iliyoiua, wakakata miti yote.

#33 Mbeba Boksi

Ya Adams ni kweli, mzee. Ya marufuku ni nusu. Saida ilikuwa imeshaanguka kabla. Watu walihama shamba kwenda mjini, Wajerumani wakaja na bia, na bia unatengeneza mwaka mzima kwa nafaka ya ghalani wakati saida inangoja mavuno. Vikundi vya kupinga pombe navyo vilianza karne ya 19. 1920 ilikuta mgonjwa kitandani. Ikafufuka juzi tu, kati ya 2011 na 2014 ilipanda kwa kasi, kisha ikapoa.

Huku Uingereza kilichoifufua ni barafu. Magners ya Ireland, mwaka 2006, kiangazi cha joto kali, walikuja na tangazo la saida inamiminwa juu ya barafu kwenye glasi kubwa. Kabla ya hapo saida ilikuwa ya wazee na ya vijana wasio na hela. Baada ya hapo kila bustani ya baa ina glasi na barafu.

#34 Kaunta ya Sinza

Barafu ya 2006, limao la Savanna, hivyo vyote ni vya macho! Ndicho nilichokuwa nasema kwa lugha nyingine. Mteja ananunua kwa jicho. Chupa haina rangi, kinywaji kinang'aa, limao linaelea. Weka kwenye meza yenye bia kumi, utaiona hiyo moja.

#35 Dada Mbege

Ulisema utamu, sasa unasema macho. Kesho utasema muziki.

#36 Daktari wa Shamba

Niongeze sababu isiyotajwa. Kuna watu ngano na shayiri zinawadhuru utumbo, bia hawawezi. Mimi nina dada yangu wa hivyo, kwenye harusi alikuwa anakaa na maji. Saida imempa glasi ya kushika. Si soko lote, ila ni soko.

#37 Fundi Chuma

Mkinga, tuache nadharia kidogo. Mimi nachonga mashine za alizeti Njombe. Kinu cha kukamua matufaha si kigumu: kwanza kisagio cha kuyavunja, pili skurubu ya kubana. Ukibana tufaha zima hupati kitu. Ukilisaga vizuri, tani moja inaweza kukupa lita 600 na zaidi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usitumie ndoo ya bati wala chombo cha rangi. Tindikali ya tufaha inakula madini. Tumia chuma kisichoshika kutu, kioo, au plastiki ya chakula.

#38 Mwalimu wa Lugha

Fundi hapo umetaja ugonjwa ulioua watu. Devon, kusini magharibi ya Uingereza, kwa miaka mingi wanywaji wa saida walipata maumivu ya tumbo ya kupinda mtu na wengine kupooza mikono. Wengi walilaumu ukali wa saida yenyewe. Mwaka 1767 daktari George Baker akaonyesha kwamba ni risasi, ile metali, iliyotumika kwenye vinu vya kukamulia. Wenye vinu walimkasirikia sana. Walipoacha risasi, ugonjwa ukaisha.

Na Mama Wawili, Ribena unayowapa watoto ilianzia kwenye kituo cha utafiti wa saida, Long Ashton karibu na Bristol, kilichoanzishwa 1903. Wataalamu wa saida ndio walioikamua, ikatoka sokoni 1938.

#39 Mama Wawili

Ribena?! Basi nyumba yetu yote ni saida.

#40 Mtu wa Iringa Mjini

Mkinga, angalizo kutoka kwa aliyeungua. Mwaka juzi nilijaribu kwa matufaha ya Njombe, lita 15. Nilikuwa na haraka, nikaweka kwenye chupa nikafunga kabla hazijamaliza kuchachuka. Saa nane usiku tukasikia mlipuko jikoni, wa pili, wa tatu. Asubuhi vioo vimechoma hadi mlango wa kabati. Kama mtoto angekuwepo sijui ningesema nini. Pima kwanza kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa kimiminika ambacho namba yake inashuka kadri sukari inavyoliwa. Ikisoma namba ile ile siku tatu mfululizo ndipo ufunge.

#41 Wakala Tunduma

Na ukitaka kuuza, tangu 2019 vyakula na vinywaji vilihamia TBS, shirika la viwango. Anza nao mapema, wapelekee sampuli kabla hujachapa lebo. SIDO, wale wa viwanda vidogo, nao waulize kuhusu mashine, Fundi asikasirike.

#42 Fundi Chuma

Sikasiriki, wao ndio walionifundisha.

#43 Mtoto wa Newala

Hakuna aliyenijibu kuhusu uraka. Mwalimu kasema muda, sikubaliani. Kama muda ndio tofauti, basi ni friji, na friji inanunuliwa. Naona tofauti ni nani aliyeandikwa kwenye kitabu cha Wakala.

#44 Mwalimu wa Lugha

Nimekuelewa. Bado nasema muda, ila sitakuzuia kununua friji.

#45 Mkinga wa Bulongwa

Ahsanteni wote, kila bandiko nimelisoma zaidi ya mara moja.

Nilibakiwa na matufaha ya mwisho ndoo mbili, nikaona nisingoje skurubu ya Fundi. Mke wangu na mimi tumeyasaga kwa kinu cha mahindi cha mkono, tumekamua kwa shuka jipya. Lita 13. Haidromita nimeagiza Mbeya, imefika na basi la asubuhi. Siku ya kwanza ilisoma 1.046. Nimeweka kwenye dumu la plastiki ya chakula, mfuniko nimeutoboa nikapitisha mpira mwembamba, ncha yake imezama kwenye kopo la maji. Usiku nikizima taa nasikia: blup, kimya, blup. Mtoto wangu mdogo anauliza nani anakunywa maji.

Leo ni siku ya 12, chumba kina baridi, inasoma 1.019. Nimeonja kijiko. Utamu umepungua, kuna ukali kidogo mwishoni, na harufu ni ile ya ghala langu Januari. Fundi, skurubu ya mashine ya lita 50 unachonga kwa unene gani? Na Newala, nijulishe mabibo yanaanza kuanguka mwezi gani huko kwenu, nije na dumu.

#46 Mtoto wa Newala

Oktoba yanaanza, Novemba unakanyaga. Njoo na madumu mawili.